Mambo 43, siku 56: kwa nini orodha yako ya likizo haitimii

Swali la msomaji, kwa kifupi:

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 16. Kila likizo ndefu ya kiangazi inapokaribia huandika orodha ya mambo ninayotaka kuyafanya kabla shule hazijafunguliwa. Mwaka jana niliandika mambo 43 kwa likizo ya wiki nane, nikatimiza manne, na mojawapo lilikuwa 'kulala hadi saa tano asubuhi'. Mengine yalikuwa kama vile kujifunza kuogelea, kusoma vitabu 12, kujua gitaa, kukimbia kila siku, kulala kwenye hema, kutengeneza filamu fupi kwa simu, kuona jua likichomoza, kuwa jasiri zaidi. Rafiki yangu anasema orodha ni utoto, niiache likizo ijiendee. Je, mimi ni mvivu? Mwaka huu nifanyeje? Na mama nimwoneshe orodha au iwe siri yangu?"

Marahaba, binti yangu.

Tuanze na uvivu, maana naona ndio unaokuuma. Mvivu hakai chini akaandika mambo 43, akayahifadhi mwaka mzima, kisha akarudi kuyahesabu. Nilichokiona kwenye barua yako ni mtu aliyeandika orodha yake bila kalenda pembeni. Hilo ni kosa la hesabu, na kosa la hesabu lina dawa.

Basi tuifanye hiyo hesabu. Wiki nane ni siku 56. Wiki ya kwanza mwili unadai usingizi ulioukopa wakati wa mitihani, hata ukijidanganya namna gani. Wiki ya mwisho inaliwa na maandalizi ya shule. Katikati kuna ndugu watakaokuja au mtakaowaendea, kazi za nyumbani, siku ya homa, siku ambayo hakuna kilichoharibika lakini hujisikii tu. Hizo nazipa wiki mbili, na sijazidisha. Zimebaki siku 28. Na hata hizo si zako kuanzia asubuhi hadi usiku. Ukipata nusu ya kila siku, umepata sana. Kwa hiyo orodha ya mambo 43 uliipa mchana 28. Katika hayo 43 kulikuwa na "kila siku", ambayo peke yake ni jambo moja lenye marudio 56, na "vitabu 12", ambayo ni mambo kumi na mawili yaliyovaa koti moja.

Hebu tuvitazame hivyo vitabu. Kitabu cha kurasa 250 mara 12 ni kurasa 3,000. Gawa kwa siku 56: kurasa 54 kila siku, bila kukosa hata moja. Gawa kwa siku 28 zilizo zako kweli: kurasa 107. Wapo wanaoweza, na huenda wewe ni mmoja wao. Lakini hukuandika 12 kwa sababu ulijipima. Uliandika 12 kwa sababu ni namba nzuri, imekaa kama dazani. Kabla ya likizo, soma siku tatu za kawaida, hesabu kurasa, kisha namba ya vitabu itakuja yenyewe. Ikija vinne, andika vinne.

Usidhani ugonjwa huu ni wa vijana tu. Daniel Kahneman na Amos Tversky, wanasaikolojia waliotumia maisha yao kuchunguza jinsi watu wanavyokisia vibaya, waliupa jina mwaka 1979: kosa la upangaji. Mtu akipanga kazi huiona ikienda kama alivyoichora kichwani, hata kama mara zote zilizopita haikwenda hivyo. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wanamalizia tasnifu zao. Waliulizwa watamaliza baada ya siku ngapi. Wastani wa majibu ulikuwa kama siku 34. Wakaulizwa tena: na mambo yakienda mrama kabisa? Wakasema kama siku 49. Walipokuja kumaliza, wastani ulikuwa zaidi ya siku 55. Yaani hata walipoombwa wakisie balaa, balaa lenyewe liliwashinda kwa wiki nzima. Na hao walikuwa watu wazima, wenye kazi moja tu mezani.

Mimi kwa hiyo nina kanuni moja ya jikoni: muda wowote unaoukadiria, uongezee nusu yake. Filamu fupi unadhani ni siku nne? Iandikie sita. Ukimaliza ndani ya nne, umepata siku mbili za bure, na siku za bure kwenye likizo ni tamu kuliko tiki yoyote.

Sasa kupunguza. Mwalimu Nyerere alisema kupanga ni kuchagua, na hapo ndipo orodha nyingi zinapokwama, kwa sababu kuongeza ni raha na kufuta kunauma. Chukua orodha ya mwaka jana, mambo yote 43, na mbele ya kila moja jiulize swali hili: kama hakuna mtu hata mmoja angeona picha yake, ningelifanya bado? Jibu kwa uaminifu, hakuna anayekusikiliza. Nimewapa vijana wengi zoezi hili, na mara nyingi theluthi nzima ya orodha huanguka hapohapo. Mambo hayo hayakuwa yao; waliyaona kwenye simu ya mtu mwingine wakayabeba. Si dhambi kupenda kupigwa picha. Ila jambo linaloishi kwa ajili ya picha peke yake ndilo la kwanza kuahirishwa, kwa sababu kufanya kwenyewe hakukuvutii.

Kuna kisa ninachokipenda cha mvulana mmoja wa Los Angeles aitwaye John Goddard. Akiwa na miaka 15, mwishoni mwa miaka ya thelathini ya karne iliyopita au mwanzoni mwa arobaini, aliandika orodha ya mambo 127 anayotaka kuyafanya maishani. Alipofariki mwaka 2013 alikuwa ametimiza zaidi ya mia moja, pamoja na kushuka mto Nile kwa mtumbwi mwembamba yeye na wenzake wawili. Watu wakimtaja humtaja kwa Nile. Mimi napenda kutaja kwamba kwenye orodha hiyohiyo alikuwa ameandika pia kupiga chapa maneno 50 kwa dakika. Maneno 50! Namba inayopimika kwa saa ya mezani. Alikuwa pia ameandika kwenda mwezini, na huko hakufika. Ila kumbuka tofauti kati yake na wewe: yeye alijipa maisha mazima, wewe una siku 56. Waingereza orodha hizi huziita kwa jina la ndoo, kutokana na msemo wao kwamba aliyekufa amepiga ndoo teke. Yako haina habari na kifo. Ina kengele ya shule, na kengele ya shule tarehe yake inajulikana. Hiyo ni faida kubwa, itumie.

Kwenye barua yako umetaja "kujua gitaa" na "kuwa jasiri zaidi". Haya siwezi kukwambia uyafute, maana naona yanatoka moyoni, lakini yalivyoandikwa hayatatimia kamwe. Gitaa haliishi, hata mabingwa bado wanajifunza. Utajuaje kwamba umelijua? Andika: "Nitapiga wimbo mmoja ninaoupenda, kuanzia mwanzo hadi mwisho, mbele ya watu wawili." Sasa ina mlango wa kuingilia na wa kutokea. Ujasiri ni vilevile. Jiulize ni wapi hasa ulikosa ujasiri mwaka huu. Kunyoosha mkono darasani? Kumsalimu yule uliyegombana naye? Kusoma shairi lako kwa sauti? Chagua tukio moja, liandike kama tukio. Hofu yenye jina na tarehe ni ndogo kuliko hofu ya jumla jumla.

"Kukimbia kila siku" kuna mtego wake. Watu wengi hudhani likizo inatosha kujenga mazoea, na kuna maneno ya mtaani kwamba ni siku 21. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 waliojaribu kuanzisha tabia moja ndogo ya kila siku. Kwa wastani ilichukua siku 66 hadi tabia kufanyika bila kujisukuma, na kati ya mtu na mtu ilitofautiana mno: kuanzia siku 18 hadi 254. Likizo yako ni siku 56. Kwa hiyo ukijipima kwa mazoea, huenda ukajiona umeshindwa siku chache tu kabla ya kushinda. Geuza iwe safari yenye mwisho: kukimbia mara 15 kabla ya shule, au kufikia dakika 20 bila kusimama. Utafiti huohuo ulionesha kitu cha kutuliza: kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa tabia. Najua nyinyi mkikosa Jumanne mnaona bora kuacha hadi mwakani. Hapana. Jumatano ipo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo washauri wa watu wazima hulisahau wanapozungumza na vijana. Mtu mzima akiandika "nitalala kwenye hema", anachukua hema anakwenda. Wewe una miaka 16. Muda wako, hela yako, usafiri wako na ruhusa yako viko mikononi mwa watu wengine. Kwa hiyo mbele ya kila jambo andika: ufunguo uko kwa nani? Kuna mambo ambayo ufunguo unao mwenyewe, kama kusoma, kuandika, kukimbia, kufanya mazoezi ya gitaa kama gitaa lipo. Kuna ambayo ufunguo uko kwa mzazi. Kuna ambayo uko kwa marafiki, na hayo ndiyo yanayovunjika kirahisi kuliko yote, maana kupata mchana mmoja ambao watu wanne wote wana nafasi ni kazi ya kiserikali. Na kuna ambayo ufunguo uko kwa hali ya hewa, ambayo haina simu.

Ukishaandika hivyo utaona mwaka jana ulikwama wapi. Naweka dau kwamba mengi yaliyokufa yalikuwa na ufunguo kwa mtu mwingine, nawe ulikwenda kuuomba siku hiyohiyo au hukwenda kabisa. Mwaka huu pindua mpangilio: maombi yote ya ruhusa yafanyike kabla likizo haijaanza, na mambo yenye ufunguo wako mwenyewe yasubiri, kwa sababu hayakimbii.

Katika kuomba ruhusa kuna ufundi. Nimewasikiliza wazazi wengi, na mara nyingi hawakatai jambo, wanakataa giza lililolizunguka. "Nataka kwenda kulala kwenye hema na wenzangu" ni giza tupu. Peleka majibu kabla hujaulizwa: wapi, na akina nani, mtu mzima atakayekuwepo ni nani na namba yake hii hapa, tunaondoka saa ngapi, tunarudi saa ngapi, gharama ni kiasi fulani na mimi nimeshaweka sehemu hii. Usiombe wakati mzazi ameshika mlango anatoka kazini, wala mbele ya rafiki yako ili aone haya kukataa. Huo ni mtego, na wazazi wanaunusa. Ukikataliwa, uliza kitu kimoja tu: "Ni sehemu gani inayokutia wasiwasi?" Wakati mwingine ni usiku. Basi hema lisimamishwe uani kwanza.

Kuogelea kunahitaji aya yake. Hili usilifanye kwa kujifunza kutoka kwenye video, wala kwa kufundishwa na rafiki ambaye naye alijifunza likizo iliyopita. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataja kuzama majini miongoni mwa sababu kuu za vifo vya watoto na vijana wa umri wa mwaka 1 hadi 24. Tafuta mwalimu mwenye mafunzo, mahali penye mwangalizi, na usiingie majini peke yako hata siku ambayo unajiona umeshaiva. Lengo la likizo moja liwe dogo na la maana: kuelea kwa utulivu, kujua kupumua, kuvuka upana wa bwawa. Mitindo itakuja. Kama mwalimu hapatikani mwaka huu, jambo hili lihamishe mwaka mwingine bila aibu yoyote. Ndilo pekee kwenye orodha yako ambalo nakuomba ulifute kuliko kulifanya nusunusu.

Mambo yakishapungua, kila moja lipate siku na saa. Hapa ndipo ninaposhikilia kwa nguvu zaidi. Peter Gollwitzer na Veronika Brandstätter waliwajaribu wanafunzi wa chuo kikuu nchini Ujerumani wakati wa likizo, tena likizo ya Krismasi. Waliwaomba waandike ripoti ya jinsi walivyotumia mkesha wa sikukuu, ndani ya saa 48. Nusu waliombwa pia waseme wataandika lini na wakiwa wapi. Basi, hilo tu. Waliotaja saa na mahali, zaidi ya theluthi mbili walifanya. Wengine, ambao nao walikuwa wamekubali kwa moyo mweupe, ni kama theluthi moja tu waliofanya. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1997, na tangu hapo jambo hilo limejaribiwa mara nyingi. Kwa hiyo usiandike "filamu fupi". Andika: "Jumatatu ya wiki ya tatu, nikimaliza kuosha vyombo, nitakaa kwenye meza ya sebuleni niandike kurasa mbili za hadithi." Kuosha vyombo kunakuwa kengele yako. Huhitaji kusubiri hamasa, maana hamasa ni mgeni asiye na adabu, huja usiku wa manane na kuondoka asubuhi.

Nikiwa hapo kwenye usiku wa manane: kulala hadi saa tano asubuhi kusikutie aibu. Balehe husogeza saa ya mwili. Melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, huanza kutoka kwa kuchelewa kuliko ilivyokuwa utotoni. Taasisi ya Marekani ya Tiba ya Usingizi inapendekeza saa 8 hadi 10 za usingizi kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Kwa hiyo usijipangie kuamka saa kumi na moja alfajiri kila siku kukimbia ilhali hukuwahi kufanya hivyo. Kimbia jioni. Lile la kuona jua likichomoza lifanye mara moja, siku uliyoichagua, ukiwa umelala mapema usiku wa kuamkia siku hiyo, na liwe limekwisha. Ila kama saa tano asubuhi inatokana na simu hadi saa tisa za usiku, hiyo si homoni, na wewe unajua.

Idadi? Umeniomba nifanyeje, nami nitakupa namba ingawa namba yangu si amri. Mambo makubwa mawili, kama gitaa na filamu. Ya wastani manne au matano. Madogo yawe mengi utakavyo, ili mradi kila moja linamalizika ndani ya mchana mmoja na ufunguo unao mwenyewe. Hayo madogo ni ya siku mvua inapokufungia ndani. Yapo mambo utakayoyapenda lakini hayana nafasi. Yaandike ukurasa wa nyuma wa daftari. Mshika mbili moja humponyoka, na wewe ulishika 43.

Halafu weka siku ya ukaguzi mwishoni mwa wiki ya nne. Siku hiyo una ruhusa kamili ya kufuta. Kijana anayeanza likizo si yule wa wiki ya nne. Huenda umegundua kwamba gitaa linakuchosha na kumbe unachokipenda ni kuandika nyimbo. Badilisha. Usiburuze jambo kwa sababu tu lilitangulia kuandikwa.

Rafiki yako anayesema uiache likizo ijiendee ana sehemu ya haki. Likizo iliyopangwa kila saa ni shule nyingine isiyo na sare. Ndiyo maana nimekuachia nusu za siku tupu, na ninakusihi usizijaze. Lakini usipoteze nguvu kubishana naye. Mwambie una kazi ya filamu na unahitaji mtu wa kushika simu Jumatano alasiri. Wengi wanaodharau orodha huwa tayari kabisa kuingia ndani ya jambo moja lililopangwa na mwenzao.

Kuhusu mama: mwoneshe sehemu. Mambo yote ambayo ufunguo anao yeye, yanakili kwenye karatasi safi, pamoja na tarehe na majibu yale niliyoyataja. Mengine, likiwemo lile la ujasiri, yabaki kwenye daftari lako. Una haki ya kuwa na jambo ambalo hakuna anayekuuliza limefikia wapi. Na umpelekee karatasi hiyo wiki mbili kabla ya shule kufungwa, maana naye ana likizo yake ya kupanga, na huenda kwenye kalenda yake kuna safari ambayo wewe bado hujaambiwa.